Kurudi kwenye Filamu Ukiwa Nairobi: Mwongozo kwa Mpigapicha wa Dijitali

Mpigapicha aliyezoea kamera ya dijitali anapotamani kurudi kwenye filamu, kwa kawaida hukimbilia kutafuta kamera. Mimi humshauri aanzie upande wa pili: ajue kwanza ni nani atakayemsafishia mikanda yake, kwa dawa gani na kwa gharama ipi, kisha achague aina ya filamu, na kamera iwe jambo la mwisho. Kamera nzuri za zamani bado zipo nyingi. Kilichopungua ni njia ya kutoka kwenye mkanda uliopigwa hadi kwenye picha, kwa kuwa Nairobi ya leo si ile ya miaka ya tisini, ambapo maduka mengi ya picha katikati ya jiji yalipokea mkanda wa rangi bila kuuliza swali.

Filamu yenyewe ingali hai. Kampuni ya Kodak ilipoomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mnamo Januari 2012, wengi waliamini kwamba mambo yamekwisha, lakini filamu ya Ektachrome ilirudi sokoni mwaka 2018, kiwanda cha Harman huko Mobberley, Uingereza, ambacho hutengeneza filamu za Ilford, kikatoa filamu ya rangi iitwayo Phoenix mwaka 2023, na mwaka 2024 Pentax wakatoa kamera mpya kabisa ya filamu, Pentax 17. Kwa hiyo anayeanza sasa hakusanyi mabaki ya zamani, mradi apange kazi yake vizuri.

Nani atasafisha?

Filamu ya kawaida ya rangi husafishwa kwa utaratibu uitwao C-41, ambao unataka dawa ya kwanza iwe na joto la takriban nyuzi 38 za Selsiasi na ifanye kazi kwa dakika 3 na sekunde 15. Joto likiyumba kidogo tu, rangi nazo huyumba, na ndiyo sababu kazi hii huachiwa mashine. Lakini mashine ya C-41 huhitaji mikanda mingi ipite ndani yake ili dawa iongezwe mara kwa mara na kubaki na nguvu. Ile inayopata mikanda michache hukaa na dawa iliyochoka, hata kama anayeiendesha ni stadi. Kabla ya kumkabidhi mtu mkanda wako, muulize ni mara ngapi husafisha, na kama atakurudishia negativi zako zote, yaani mikanda yenyewe iliyosafishwa. Kisha mwombe akuonyeshe negativi aliyoisafisha hivi karibuni, na utazame pembeni, kando ya matundu, palipo na jina la filamu na namba za picha. Alama hizo ziliwekwa kwa mwanga kiwandani wala hazitegemei ustadi wa aliyepiga. Zikiwa zimefifia, ujue dawa ndiyo dhaifu, na mkanda wako uende kwingine.

Filamu ya nyeusi na nyeupe ni habari tofauti, na hapa ndipo Nairobi inapompendelea mpigapicha. Jiji liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa sehemu kubwa ya mwaka maji ya bomba na hewa ya ndani ya nyumba haviko mbali na nyuzi 20, joto ambalo watengenezaji wa dawa hulitumia kama kipimo katika majedwali yao. Mpigapicha wa Mombasa hana budi kutafuta barafu ili apoze dawa zake. Wewe mara nyingi utahitaji kipimajoto na subira ya dakika chache tu. Kwa sababu hiyo nasema bila kusita kwamba anayerudi kwenye filamu katika jiji hili aanze na nyeusi na nyeupe, aisafishe mwenyewe nyumbani, na rangi aifuate baadaye. Ilford HP5 Plus ya ISO 400 ni chaguo jema la kuanzia kwa sababu husamehe mengi. Kodak Tri-X 400, Kentmere 400 na Fomapan 400 pia zinafaa. Chagua moja na ukae nayo kwa muda mrefu. Angalia tu usinunue Ilford XP2 Super kwa kazi ya nyumbani, kwani ingawa ni ya nyeusi na nyeupe, imetengenezwa kusafishwa kwa C-41.

Unapoagiza filamu kutoka nje au kumwomba jamaa anayesafiri akubebee, mwambie asiitie kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege, kwa sababu mionzi ya ukaguzi huko ni mikali. Aibebe mkononi, ndani ya mfuko unaoonyesha, na aombe kwa upole ikaguliwe kwa mkono, hasa pale uwanja unapotumia mitambo mipya ya CT, ambayo hudhuru hata filamu ya kasi ndogo, yaani ya ISO ya chini. Ikifika nyumbani, iweke kwenye friji na uitoe saa moja hivi kabla ya kuifungua, ili isipate umande. Usiiache kamwe ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Kamera

Kwa anayeanza upya napendelea kamera ambayo shata yake huendeshwa na springi bila kutegemea umeme. Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, na Nikon FM2 ni mifano mizuri: betri ikiisha, mita ya mwanga ndiyo inayozimika, lakini kamera inaendelea kupiga. Canon AE-1 ni kamera nzuri pia, ila bila betri yake ya volti 6 haipigi hata picha moja. Jihadhari na kamera za miaka ya sitini na mwanzoni mwa sabini zilizobuniwa kwa betri za zebaki za volti 1.35, ambazo haziuzwi tena. Ukiweka betri ya kisasa ya volti 1.5, mita inaweza kukudanganya.

Kamera hizi hupatikana kwenye kabati za wazazi na wajomba, kwa wapigapicha wa studio waliostaafu, na mara nyingine kwenye vibanda vya mitumba. Popote uipatapo, usilipe kabla hujaifungua mgongo. Ielekeze dirishani ikiwa haina filamu, weka kasi ya sekunde 1, bonyeza, na usikilize kama shata inafunguka na kufunga bila kukwama. Panda hadi 1/1000 na utazame kwa kupitia nyuma: unapaswa kuona mwanga ukimulika eneo lote la fremu, na ukiona upande mmoja umebaki mweusi, pazia la shata limechoka. Kisha toa lenzi, ifungue hadi tundu kubwa kabisa, na uimulike kwa tochi ya simu kutoka upande mmoja huku ukitazama kutoka upande mwingine. Vumbi kidogo halidhuru. Nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama utando wa buibui ni kuvu, ugonjwa wa kawaida kwa lenzi zilizokaa Pwani, na lenzi ya namna hiyo iache hata kama bei inavutia. Mwishoni gusa sponji nyeusi iliyo kwenye mifereji ya mlango wa nyuma. Ikinata vidoleni kama lami, mwanga utapenya, ingawa hilo ni tatizo dogo ambalo fundi, au wewe mwenyewe kwa uzi mweusi wa sufu, anaweza kulitatua kwa saa moja.

Unapotia mkanda wa kwanza, ukisha kufunga mlango, kaza taratibu kitufe cha kurudishia filamu hadi uhisi kimeshika, halafu vuta wenzo wa kusogezea picha huku ukikitazama kitufe hicho. Kikizunguka, filamu inasonga. Kisipozunguka, fungua uanze tena, maana kamera itahesabu picha zote 36 bila kulalamika huku mkanda ukiwa umekaa palepale.

Mwanga wa Nairobi

Tabia inayompa taabu kubwa mtu anayetoka kwenye dijitali ni ile ya kulinda sehemu zenye mwanga mkali. Sensa ikizidiwa na mwanga, mawingu huwa karatasi nyeupe isiyorudi, kwa hiyo mpigapicha wa dijitali hujifunza kupunguza mwanga na kuviinua vivuli baadaye kwenye kompyuta. Negativi inataka kinyume chake. Kivuli ambacho hakikupata mwanga wa kutosha hakiachi chochote kwenye filamu, na hakuna dawa wala programu itakayokileta, ilhali mwanga uliozidi kwa hatua moja au mbili (kila hatua ni mwanga maradufu) hubebwa na negativi bila shida kubwa. Pimia vivuli. Ukiwa na filamu ya rangi ya ISO 400, unaweza hata kuiwekea kamera 200 na ukapata rangi tulivu zaidi.

Jifunze pia kupima bila mita. Kanuni ya zamani husema kwamba jua likiwaka wazi, tundu liwe f/16 na kasi ya shata ikaribiane na ISO ya filamu. Kwa filamu ya 400 hiyo ni 1/500. Kukiwa na mawingu ya wastani fungua hadi f/8, na kwenye kivuli kizito cha veranda fungua hadi f/4. Katika jiji lililo karibu hivi na ikweta, kanuni hii hufanya kazi kwa uaminifu mkubwa, ila jua letu lina tabia zake. Karibu na Machi na Septemba hupita juu ya utosi, na kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri huchimba mashimo meusi kwenye macho ya watu. Saa hizo mpeleke unayempiga chini ya mti katika bustani ya Jeevanjee au kwenye baraza ya duka, ambapo mwanga unarudi kutoka kwenye lami na ukuta. Magharibi nayo huingia haraka. Mwanga mzuri wa saa kumi na mbili jioni hauchukui muda kuisha, kwa hiyo pima upya kila baada ya picha chache badala ya kuamini kipimo cha robo saa iliyopita.

Majira ya baridi, kuanzia Juni hadi Agosti, wengi huyalaumu kwa ukijivu wake, nami nayaona kuwa ndiyo bora kwa picha za watu. Wingu zima la jiji hutawanya mwanga, nyuso hupata ulaini, na filamu ya 400 hutosha hata ndani ya soko. Rangi yenyewe ina msimu wake mnamo Oktoba, jakaranda zinapochanua. Mtu akisisitiza kuzipiga kwa nyeusi na nyeupe atapata kijivu kitupu. Kwa anga yenye mawingu ya kupendeza, funga filta ya njano kwenye lenzi na uongeze hatua moja ya mwanga, na mawingu yatajitenga na samawati.

Sasa ngozi. Mita hudhani kwamba kila inachokitazama ni kijivu cha wastani, kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Ukimpiga mzee aliyevaa kanzu nyeupe mbele ya Msikiti wa Jamia, mita itaona weupe mwingi, itapunguza mwanga, na uso wake utaingia gizani. Njia rahisi ni kufungua kiganja chako kwenye mwanga uleule ulioangukia uso wake, kupima hapo, kisha kuongeza hatua moja. Viganja vya watu wengi havitofautiani sana, na njia hii inafaa kwa kila ngozi. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kwa miongo mingi maabara za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kadi za vielelezo zilizoitwa kadi za Shirley, ambazo zilionyesha mwanamke mweupe, na kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea katika miaka ya tisini. Ukiletewa picha ambazo nyuso zimekuwa za kijivu au nyekundu kupita kiasi, usikubali kuambiwa kwamba ndivyo filamu ilivyo. Omba zirekebishwe upya kwa kufuata uso.

Jambo moja la adabu linabadilika pia. Kwa dijitali ulimwonyesha mtu picha yake papo hapo. Kwa filamu huna cha kumwonyesha. Mwambie mapema: "Mama, naomba nikupige picha, ikishasafishwa nitakuletea nakala yako," na uandike jina la kibanda chake kwenye daftari, maana ahadi hiyo lazima itimizwe. Vivyo hivyo kwa askari. Kamera ya dijitali ikizua ubishi, picha hufutwa na mambo yakaisha, lakini mkanda haufutiki, na ukilazimishwa kufungua mlango wa nyuma utapoteza kazi ya siku nzima. Omba ruhusa kabla ya kupiga kwenye majengo ya watu, na usielekeze lenzi kwenye kambi za jeshi, vituo vya polisi wala Ikulu.

Kusafisha nyumbani

Huhitaji chumba maalumu cha giza. Unahitaji mfuko mweusi wa kubadilishia filamu, tangi lenye rili (gurudumu la kuviringishia filamu), kipimajoto, vyombo vya kupimia ujazo, saa ya simu, na dawa mbili: ya kusafishia na ya kugandishia picha. Sehemu ngumu ni kuingiza filamu kwenye rili bila kuona. Toa sadaka mkanda mmoja uliopitwa na wakati, ufanye zoezi mezani ukiwa umefungua macho, kisha umeyafumba, kisha mikono ikiwa ndani ya mfuko, hadi vidole vijue njia. Rili iwe kavu kabisa. Tone moja la maji hunasisha filamu katikati.

Kwa HP5 Plus iliyopigwa kwa ISO 400, chukua dawa ya ID-11, changanya sehemu moja ya dawa na moja ya maji, na uilete kwenye nyuzi 20. Muda ni dakika 13. Mimina, anza kuhesabu, pindua tangi mara nne ndani ya sekunde kumi za kwanza, kisha ligongeshe taratibu mezani ili viputo vitoke. Rudia kupindua vivyo hivyo mwanzoni mwa kila dakika. Usitikise kwa haraka wala usisahau dakika hata moja, kwa kuwa namna unavyopindua hubadilisha picha sawa na muda unavyofanya. Dakika ya 13 ikikaribia anza kumwaga, suuza kwa maji matupu ya joto lilelile, halafu mimina dawa ya kugandisha. Zile za haraka huchanganywa sehemu moja kwa nne za maji na kutosha kwa dakika tatu hadi tano. Ukitaka kujua kama bado ina nguvu, tumbukiza kipande cha mwanzo wa filamu ulichokikata, hesabu muda kinaochukua kuwa cheupe na kuonyesha, na uzidishe mara mbili.

Kuosha kwa maji yanayotiririka ni anasa katika mitaa yenye mgao wa maji, na bahati nzuri hakuna haja. Njia inayopendekezwa na Ilford ni kujaza tangi maji safi na kulipindua mara 5, kumwaga. Kujaza tena na kupindua mara 10, kumwaga. Kujaza mara ya tatu na kupindua mara 20. Kwa mkanda mmoja wa milimita 35 hayo ni takriban lita moja tu. Maji ya visima huacha madoa meupe ya chumvi yakikauka, hivyo suuza ya mwisho iwe kwa maji yaliyokenekwa, yale ambayo vituo vya mafuta huyauza kwa ajili ya betri za magari. Soma lebo kwa makini, usije ukapewa asidi ya betri. Tia matone machache ya dawa ya kuondoa madoa, tundika filamu bafuni kwa kibanio cha nguo, weka kibanio kingine chini kama uzito, na ufunge mlango ili vumbi lisitembee.

Dawa ya kugandisha ikiisha nguvu huwa imebeba fedha, yaani madini yenyewe, ambayo ni sumu kwa viumbe vya majini. Usiimwage sinkini wala kwenye mfereji unaoishia Mto Nairobi. Ikusanye kwenye mtungi ulioandikwa, na ukijaa uukabidhi kwa mbeba taka mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ya kushughulikia kemikali.

Kutoka negativi hadi kwenye skrini

Hapa kamera yako ya dijitali inarudi kazini, na kwa maoni yangu inashinda skana nyingi za bei nafuu. Tafuta lenzi ya kupiga vitu kwa karibu, kibao cha taa nyeupe chenye uaminifu mzuri wa rangi, na stendi imara. Weka kioo cha kujitazamia mahali pa negativi na usogeze kamera hadi taswira ya lenzi ionekane katikati kabisa ya fremu. Hapo kamera na negativi viko sambamba. Toa kioo, weka negativi, ziba mwanga wa pembeni kwa karatasi nyeusi, piga kwa f/8, ISO 100, kwa faili ghafi. Programu ya bure ya darktable ina sehemu iitwayo negadoctor inayogeuza negativi kuwa picha, na wanaotumia Lightroom wana Negative Lab Pro.

Faili zikiharibika unaweza kuskani tena, kwa hiyo tunza negativi kwanza. Priya Ramrakha, mpigapicha mzaliwa wa Nairobi aliyeuawa mwaka 1968 akiripoti vita vya Biafra, alijulikana upya na vizazi vya leo baada ya hifadhi yake ya picha kupatikana katika gereji jijini miongo kadhaa baadaye. Kata mkanda vipande vya picha sita sita, utie kwenye mifuko ya polipropilini, si ile ya plastiki ya PVC ambayo huchakaa na kunata, na uandike juu yake mwaka, namba ya mkanda, aina ya filamu, dawa na dakika ulizotumia. Weka faili lako kabatini mbali na ukuta unaopata unyevu wakati wa masika, na namba ileile ya mkanda uitumie kama jina la folda kwenye kompyuta, ili mtu akikuomba nakala ya picha ya kibandani uipate bila kufungua mifuko yote.